Kikopo kwanza: mwongozo kwa wenza wanaotafuta mtoto

Nafanya kazi maabara, Tanga. Dirishani kwangu hupita vikopo vya mkojo, vya choo, vya makohozi, na kwa nadra sana kikopo cha shahawa. Nadra hiyo ndiyo iliyonikalisha kuandika. Anakuja dada na bahasha nene: ultrasaundi za hospitali mbalimbali, picha ya mirija ya uzazi, majibu ya homoni kutoka Dar es Salaam, vyeti vya dawa za kupevusha mayai. Nikimuuliza, "Na mzee ameshapima?" anaangalia pembeni. Mzee hajapima. Mzee ana mtoto aliyempata kabla ya ndoa, sasa yuko darasa la sita, kwa hiyo ukoo mzima umeshaamua tatizo ni la nani.

Mtoto wa darasa la sita ni ushahidi wa mbegu za zaidi ya miaka kumi iliyopita. Mwili wa mwanamume hutengeneza mbegu mpya kila siku, na kila mbegu huchukua takriban miezi miwili na nusu hadi kukamilika. Tangu mtoto yule azaliwe huenda zimepita homa, magonjwa ya zinaa, sigara, sindano za kujazia misuli, na umri wenyewe. Kwa karibu nusu ya wenza wanaochelewa kupata mtoto, upande wa mume una mchango, peke yake au pamoja na wa mke. Kipimo chake hakichomi, majibu hutoka siku hiyo hiyo, na bei yake ni nafuu kuliko karibu kila kilichomo kwenye ile bahasha. Kianze hicho, au angalau kiende sambamba na kipimo cha kwanza cha mke.

Lini muanze kupima

Shirika la Afya Duniani linahesabu ugumba kuanzia miezi 12 ya kukutana mara kwa mara bila kinga yoyote na mimba isiingie. Mke akiwa na miaka 35 au zaidi, msisubiri mwaka, miezi 6 inatosha. Wako pia wasiopaswa kusubiri hata hiyo: mwanamke ambaye hedhi yake hukaa miezi bila kuja, aliyewahi kupata mimba nje ya kizazi, aliyepasuliwa tumbo au kuugua maambukizi makali ya nyonga, mwanamume ambaye korodani zake hazikushuka utotoni, aliyeugua matubwitubwi baada ya balehe yakamvimbisha korodani, au aliyetibiwa saratani.

Ila miezi hiyo ihesabiwe ya kukutana, siyo ya kuwa na cheti cha ndoa. Dereva wa lori la Kongo anayesubiri foleni mpakani Kasumbalesa na kurudi nyumbani siku tatu kwa mwezi, mwaka wake si mwaka. Huku pwani tunao pia wavuvi wa dagaa. Hawa hufanya kazi usiku wa giza, taa zinapovuta samaki, na kupumzika mbalamwezi inapokuwa kubwa. Wanaokwenda dago, yaani kambi ya uvuvi mbali na kwao, hawalali nyumbani wiki hata mbili mfululizo. Mwezi wa angani una siku 29 na nusu, na mzunguko wa wanawake wengi uko jirani na hapo. Basi mke anaweza kukaa mwezi baada ya mwezi siku zake za kushika mimba zikiangukia gizani, mume yuko majini, na anaporudi mbalamwezi, yai limeshakwenda zake. Hao hawahitaji dawa ya aina yoyote. Wanahitaji mume akose giza moja au mawili.

Siku zenyewe huhesabiwa hivi. Yai likishatoka huishi saa 12 hadi 24 tu. Mbegu zinaweza kuishi ndani ya mwanamke hadi siku 5. Kwa hiyo dirisha la kushika mimba ni siku 5 kabla ya yai kutoka, pamoja na siku yenyewe. Kutoka hapo hadi hedhi inayofuata ni takriban siku 14. Kinachorefuka au kufupika ni ile sehemu ya mwanzo. Mwenye mzunguko wa siku 28 hupevusha karibu na siku ya 14, wa siku 35 karibu na ya 21, wa siku 24 karibu na ya 10, ukihesabu tangu siku ya kwanza ya damu. Dalili ya mwili ni ute unaovutika, mwangavu kama ute wa yai bichi. Msiofanya safari, achaneni na kalenda: kutaneni kila baada ya siku mbili au tatu, mwezi mzima. Tendo la ndoa likigeuka zamu ya kazi, siku ya zamu ndiyo mume hushindwa, nami nimesikia hayo dirishani mara nyingi kuliko ninavyotaka.

Kikopo chenyewe

Kaka, kaa bila kumwaga kwa siku zisizopungua 2 na zisizozidi 7. Wanaokaa mwezi mzima ili "zijae" hutuletea mbegu nyingi zilizokufa. Chukua kikopo cha maabara, usije na chupa ya dawa uliyoiosha nyumbani. Nawa mikono na kukausha. Wakati wa kutoa, usijilainishe kwa sabuni, mafuta wala mate. Vyote vinadhuru mbegu. Kondomu ya dukani nayo haifai, kwa sababu ya vilainishi vyake. Kama dini yako inakutia uzito kutoa kwa mkono, waulize maabara kuhusu kondomu maalumu isiyo na dawa, inayotumika katika tendo na mkeo. Ipo, ila huagizwa, kwa hiyo uliza mapema.

Tone la kwanza ndilo lenye mbegu nyingi zaidi. Likimwagika, sema. Hakuna atakayekucheka, na usiposema utaandikiwa upungufu usiokuwa nao. Andika saa uliyotoa. Kikopo kitufikie ndani ya nusu saa, isizidi saa nzima, kikiwa ndani ya shati karibu na mwili. Kisikae kwenye friji, wala kwenye buti la pikipiki juani. Wa Lushoto au Pangani asijaribu kukisafirisha. Aje atolee hapa hapa. Omba chumba chenye komeo, na mkeo akitaka kuingia nawe, aingie.

Sasa karatasi ya majibu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unatoa viwango hivi vya chini: ujazo mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa kila mililita, au milioni 39 kwa jumla, zinazotikisika asilimia 42, na zinazokwenda mbele asilimia 30, zenye umbo sahihi asilimia 4. Hiyo 4 inatisha watu bure. Mtu anaona mbegu 96 katika 100 "zina kasoro" anaanza kuaga dunia, kumbe ndivyo wanaume wengi walivyo. Viwango hivi vilitokana na wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja, na hata kati yao 5 katika kila 100 walikuwa chini ya mstari. Kuwa chini kidogo ni kuchelewa, siyo kufungiwa mlango.

Jibu moja baya halitoshi. Rudia baada ya miezi mitatu hivi, hasa kama uliugua malaria au homa kali karibuni, maana homa huangusha hesabu kwa wiki kadhaa. Ukiandikiwa sifuri, uliza kama sampuli ilizungushwa kwenye mashine na mashapo yake kutazamwa. Tusipofanya hivyo tunaweza kuzikosa mbegu chache zilizopo, na chache hizo ni mali, utaona mbele.

Sifuri ina asili mbili. Ama mbegu zinatengenezwa lakini njia imeziba, ama hazitengenezwi. Homoni ya FSH, ambayo ubongo huitumia kuziamuru korodani, na mikono ya daktari bingwa wa njia ya mkojo ndivyo huanza kutofautisha. Wateja wangu vijana wana asili ya tatu, nayo inaniudhi: sindano za testosteroni za jim. Homoni ikitoka nje, ubongo hukoma kuziamuru korodani zifanye kazi, na mbegu huisha huku kifua kikitanuka. Mara nyingi hurudi baada ya kuacha, kwa miezi, wengine zaidi ya mwaka. Mwanamume mwenye mbegu chache akipewa testosteroni "ya kuongeza nguvu", anazidi kuzimaliza.

Na nguvu za kiume ni jambo jingine kabisa. Mtu anaweza kuwa simba kitandani na kikopo chake kikawa kitupu. Uzito wa shahawa kwa macho nao hausemi kitu. Hadubini ndiyo inayosema.

Upande wa mama

Maswali ni matatu, nayo yafuatwe kwa mpangilio.

Je, yai linapevuka? Hedhi inayokuja kwa utaratibu, kila baada ya siku 21 hadi 35, tayari ni jibu zuri kwa walio wengi. Kuthibitisha, hupimwa homoni ya projesteroni siku 7 kabla ya hedhi inayotarajiwa. Watu huandikiwa "siku ya 21" kwa mazoea. Hiyo ni ya mwenye mzunguko wa siku 28. Wa siku 35 apime siku ya 28, la sivyo ataambiwa hapevushi naye anapevusha. Kama hedhi imevurugika, hutafutwa PCOS (hali ya homoni ambapo mayai mengi madogo hukwama kwenye ovari bila kupevuka), tezi ya shingo, homoni ya prolaktini (maziwa kutoka bila kunyonyesha ni dalili yake), au uzito uliopanda au kushuka mno. Kuna kipimo cha AMH kinachopendwa sana siku hizi. Kinakadiria mayai yaliyobaki na kinamsaidia daktari kupanga dozi ya sindano za kukuza mayai. Hakikuambii kama utashika mimba kwa njia ya kawaida, kwa hiyo usilie kwa sababu yake.

Je, mirija iko wazi? Hapa ndipo Afrika Mashariki inapoumia. Klamidia na kisonono huweza kupita bila dalili na kuacha makovu. Maambukizi baada ya kujifungua au baada ya mimba kuharibika au kutolewa kwa njia zisizo salama hufanya hivyo hivyo. Kifua kikuu kinaweza kukaa kwenye mirija bila kikohozi. Kichocho cha mkojo nacho hudhuru via vya uzazi. Aliyekulia mtoni au ziwani akiogelea amweleze daktari, kwa kuwa wengi hawaulizi. Picha ya mirija, HSG, hupigwa kati ya siku ya 6 na ya 10 ya mzunguko. Msikutane tangu hedhi ianze hadi ipigwe, usije ukapigwa eksirei una mimba changa. Meza dawa ya maumivu saa moja kabla. Inauma, anayekuambia haiumi hajapigwa. Mrija ukionekana umeziba pale pale unapoungana na kizazi, kumbuka kwamba msuli ukikaza kwa maumivu huweza kutoa picha hiyo hiyo. Uliza kabla ya kukata tamaa.

Je, kizazi chenyewe kina nafasi? Hapo ni uvimbe, faibroidi. Cha kuuliza ni ulipo kuliko ukubwa wake. Ulioingia ndani, mimba inapojishikiza, ndio unaozuia zaidi. Ulioning'inia nje mara nyingi hauhusiki, na kupasuliwa bila sababu kunaweza kuacha makovu.

Kabla ya kwenda kwenye tiba, niondoe mizigo ambayo mashangazi na mitandao wamewabebesha. Kizazi "kilichogeuka" ni maumbile ya karibu mwanamke mmoja kati ya watano, hakizuii mimba. Makundi ya damu "yasiyoendana" hayazuii mimba kuingia; mama mwenye damu hasi anahitaji sindano ya kulinda mimba zijazo, basi. P2 haiui kizazi. Depo haiui pia, ila huchelewesha: kwa wastani mimba huja kama miezi 10 baada ya sindano ya mwisho. Shahawa kutoka baada ya tendo ni kawaida, mbegu zinazohitajika zimeshapita. Hakuna mzizi wa kunywa wala wa kuweka ukeni unaozibua mrija wenye kovu. Huo wa kuweka ukeni huunguza, na unaweza kuanzisha maambukizi mapya. Mama mkwe akisema ni chango, mwitikie kwa heshima, kisha mwende hospitali.

Tiba, kutoka nyepesi hadi nzito

Mwanamke aanze vidonge vya foliki asidi mikrogramu 400 kila siku tangu sasa, kabla ya mimba. Mume aache sigara, nguo za kubana na, akiweza, laptopu mapajani.

Asiyepevusha hupewa klomifeni, ambayo wengi wanaiita Clomid, kwa kawaida kuanzia miligramu 50 kwa siku tano mwanzoni mwa mzunguko, au letrozoli, inayofanya vizuri zaidi kwa wenye PCOS. Mwenye PCOS na uzito mkubwa akipunguza hata asilimia 5 ya uzito, mayai yanaweza kuanza kutoka yenyewe. Dawa hizi zisimezwe kwa kuagiza dirishani duka la dawa. Mzunguko wa kwanza unahitaji ultrasaundi kuona mayai mangapi yamekua, maana pacha huweza kutokea, na watatu si sherehe kwa mtu mwenye mimba hiyo. Klomifeni haipaswi kuzidi mizunguko 6. Nami naona wanaoimeza mwaka wa pili, mirija yote imeziba, au mume ana sifuri. Kwao hao dawa haina pa kufanyia kazi.

Prolaktini na tezi vina vidonge vyake, na mara nyingi hivyo peke yake hurudisha hedhi. Mishipa iliyovimba kwenye korodani, uvimbe ulioingia ndani ya kizazi, makovu mepesi kuzunguka mirija: hayo ni ya upasuaji, kwa mkono uliozoea.

IUI ni kuosha shahawa maabara, kuchagua mbegu zenye mwendo, na kuziingiza kizazini kwa mrija mwembamba siku ya yai. Lazima mrija mmoja wa uzazi angalau uwe wazi na mbegu ziwe za kutosha. Matarajio ni ya wastani, karibu jaribio moja kati ya kumi, kwa hiyo mpange majaribio matatu mkipanga moja.

IVF, upandikizaji mimba, ilibuniwa kwa tatizo lile lile linaloongoza kwetu. Louise Brown, aliyezaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978, mama yake alikuwa na mirija iliyoziba. Nairobi ilipata watoto wake wa kwanza wa njia hii mwaka 2006, na leo huna haja ya kwenda India, Dar es Salaam huduma ipo. Mke huchomwa sindano kila siku kwa takriban siku kumi hadi kumi na mbili, akipimwa ultrasaundi kila baada ya siku chache. Sindano ya mwisho huchomwa saa 36 hivi kabla ya kutoa mayai, na saa hiyo haina mjadala; ikikosewa, mayai hupotea. Mayai hutolewa kwa sindano kupitia ukeni akiwa amelazwa usingizi mwepesi. Hukutanishwa na mbegu maabara, viinitete, yaani mayai yaliyorutubishwa, hukua siku 3 au 5, kimoja au viwili hurudishwa kizazini bila maumivu makubwa, na damu hupimwa baada ya wiki mbili hivi. Mbegu zikiwa chache mno, mtaalamu huchukua moja moja na kuichoma ndani ya yai. Ndiyo ICSI, inayotumika tangu 1992, na ndiyo sababu nilisema zile chache za kwenye mashapo ni mali. Hata mwenye njia iliyoziba anaweza kutolewa mbegu moja kwa moja kwenye korodani.

Umri wa mke ndio unaoamua mengi. Uingereza, ambako matokeo hutangazwa, walio chini ya miaka 35 hupata mtoto kwa karibu kiinitete kimoja kati ya vitatu vinavyopandikizwa. Wa miaka 43 au 44, kwa mayai yao wenyewe, karibu kimoja kati ya ishirini. Gharama ni ya mamilioni, na bima nyingi hazigusi. Kwa hiyo ulizeni mkiwa bado na hela mfukoni: bei hiyo ina dawa ndani yake au la? Kugandisha viinitete vilivyobaki je, na ada ya kila mwaka? Mayai yakikosekana siku ya kutolewa, mnarudishiwa kiasi gani? Kati ya wanawake wa umri wa mke waliopandikizwa hapo, wangapi walijifungua? Mkijibiwa kwa idadi ya "vipimo chanya", rudieni swali: waliojifungua. Na kama mrija umejaa maji, ulizeni kama uondolewe au ufungwe kwanza, maana maji yake hupunguza matumaini ya kiinitete.

Kuhusu dini, wengi hapa Tanga huniuliza kwa kunong'ona. Fatwa ya Al-Azhar, taasisi kubwa ya Kiislamu ya Misri, ya mwaka 1980 iliruhusu IVF kwa mbegu za mume na yai la mke walio ndani ya ndoa, bila mtu wa tatu. Kanisa Katoliki, kwa tamko lake la 1987, halikubali IVF kabisa. Kaeni na shehe au padri wenu kabla ya kulipa, wala msimwachie mke peke yake aende kuuliza.

Mimba ikiingia, kwa vidonge, kwa IVF au kwa rehema tu, msiishie kwenye kipimo cha mkojo. Pigeni ultrasaundi wiki ya 6 au ya 7 kuhakikisha iko ndani ya kizazi, kwa kuwa mirija iliyowahi kuumia huweza kuikamata njiani. Maumivu makali upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu, au maumivu ya bega yasiyo na sababu: hospitali usiku huo huo, msisubiri asubuhi. Na aliyetoka kwenye sindano za IVF tumbo likajaa ghafla, pumzi ikabana, mkojo ukapungua, aende vile vile, ataje mapokezi kwamba mayai yake yalichochewa.